Taa ya breki, taa ya pedi

Dereva akipiga simu kutoka Koboko na kumwambia fundi wake wa Arua kwamba "taa ya breki haizimiki" ingawa pedi ni mpya, ametaja mambo matatu kwa mpigo. Jina hilo tunalitumia kwa taa nyekundu za nyuma, kwa alama ya deshibodi inayohusu breki ya mkono na mafuta ya breki, na kwa ile ya kuisha kwa pedi. Hii ya mwisho tuiite taa ya pedi. Alama yake ni duara lenye vistari vilivyokatika pembeni, mara nyingi ya manjano. Kwenye BMW, kwa mfano, waya mwembamba hukaa ndani ya pedi. Pedi ikiisha, diski huusaga hadi ukakatika, na taa huwaka. Ukibadilisha pedi ukauacha waya uleule, taa itaendelea kuwaka, na ina haki.

Wapo watakaosema fundi ataiona mwenyewe. Ataiona gari likifika. Lakini Koboko hadi Arua ni zaidi ya kilomita 50, na kama taa ni nyekundu yenye alama ya mshangao, huenda mafuta ya breki yamepungua, na gari hilo halifai kuondoka lilipo. Ni kweli pia kwamba Toyota nyingi hazina waya huo, zina kibati kinacholia pedi ikiisha. Hiyo ni sababu zaidi ya kutenganisha majina: mwenye Toyota akiona alama nyekundu, asikimbilie kununua pedi.