Mbao za Ndege za Mfano: Tarikhi ya Wepesi na Nguvu

Tarikhi ya ndege za mfano, ijapokuwa aghalabu husimuliwa kama habari ya mchezo wa watoto, kwa hakika ni tarikhi ya mafundi waliotafuta kwa miaka mingi mbao ya kuunganisha wepesi na nguvu, sifa mbili ambazo ni nadra kukaa katika mti mmoja.

Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo yenye urefu wa nusu mita hivi, iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, nayo ikakaa angani sekunde 11. Mwaka 1878 Askofu Milton Wright wa Marekani aliwaletea wanawe, Wilbur na Orville, kidude cha kuruka cha mwanzi na karatasi. Na ndugu hao, walipounda ndege yao ya mwaka 1903, walichagua mbao za sprusi. Waunda mifano wa zama hizo nao walitegemea sprusi, msonobari na mwanzi, miti imara ambayo uzito wake uliwapa taabu.

Faraja ilitoka Ekwado. Huko huota balsa, mti ukuao upesi hata ukawa tayari kukatwa baada ya miaka 6 hadi 10, na ambao shina lake hujaa maji. Likisha kukaushwa tanurini, hubaki mbao yenye uzito wa takriban kilo 160 kwa mita moja ya ujazo, ilhali maji ya kadiri hiyo yana kilo 1,000. Katika miaka ya 1920 na 1930 mbao hiyo ilitawala karakana za waunda mifano. Vita Vikuu vya Pili vikaitwaa kwa maboya ya kuokolea mabaharia na kwa ndege ya Kiingereza iitwayo Mosquito, ambayo mwili wake ulikuwa balsa iliyobanwa kati ya tabaka za plaiwudi. Na mwaka 1942, Jeshi la Majini la Marekani lilipowataka wanafunzi wachonge mifano 500,000 ya kufundishia askari kutambua ndege, ilibidi watumie msonobari na mbao nyinginezo.

Hata hivyo, balsa yenyewe haiko sawasawa. Mbao mbili zinazofanana kwa macho huweza kuzidiana uzito maradufu. Iliyopasuliwa sambamba na pete za mti hupindika bila kinyongo, ikafaa kuvika mwili wa mviringo. Iliyopasuliwa kuelekea kiini, yenye madoadoa yang'aayo, hukaidi kupinda, ikafaa mbavu za bawa. Nyepesi kabisa huwekwa mkiani, kwa sababu kila gramu ya huko hudai gramu kadhaa puani ili ndege isawazike. Ngumu huwa boriti ya bawa.

Basi wewe unayekusudia kuunda, usinunue mbao kwa sura yake: ipime kwenye mizani, ikunje taratibu kwa vidole, utazame na pete zake, kisha uipe kila mbao kazi inayoiweza.