Malewa za Kenya: sahani ya bukari Lubumbashi, na ukubwa wa donge

Mwenye anafika Lubumbashi mara ya kwanza na kuuliza wapi anaweza kula ashibe bila kumaliza feza, watamutuma ku malewa. Malewa ni restora ndogo ya pembeni ya barabara: benchi mbili tatu za mbao, bashi ao mabati juu ya kichwa, mbabula ya makala, sufuria zenye vifuniko, na mama mwenye anapakua. Neno lenyewe lilitoka upande wa Kinshasa, lakini Lubumbashi ilijua kazi hiyo mbele ya neno kufika. Komini zote saba za muji ziko na malewa. Katika Kenya (komini, hapana inchi), Kamalondo na Katuba, mutu anaziona kila kona, karibu na masoko, mapaki ya taksi-basi na magaraji. Siku TP Mazembe inacheza kwenye uwanja wake wa Kamalondo, kupata nafasi ku benchi kunaomba kufika mapema.

Chakula cha kila upande

Lubumbashi ilianza mwaka wa 1910 juu ya shaba. Kampuni Union Minière, yenye iliundwa mwaka wa 1906, ilihitaji mikono mingi, na watu wa karibu hawakutosha. Ikachukua wafanyakazi Kasai, Lomami, Rodezia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na tangu miaka ya 1920 ikafika mpaka Rwanda na Burundi. Kiswahili kikawa luga ya kazi, kisha kikaingia ndani ya nyumba. Wakoloni waliweka Waafrika mbali na muji wa Wazungu, na katikati wakaacha eneo tupu. Kamalondo, Kenya, kisha Katuba, zilikua ngambo ile.

Historia hiyo iko ndani ya sufuria mpaka leo. Bukari ya bunga ya mahindi peke yake ndiyo wanakula pia ngambo ya mupaka, Zambia. Mwenye alikomalia katika nyumba ya Wakasai anapenda ichanganywe na bunga ya muhogo. Majani ya muhogo, huyu anaita sombe, yule anaita matamba, lakini mama anapakua ndani ya sufuria moja. Thomson, ile samaki ya frigo yenye Kinshasa wanaita mpiodi, inatoka mbali kuliko watu wote wa ku benchi: wanaivua katika bahari ya Namibia, kisha inapita Zambia ndani ya kamio za baridi. Samaki wadogo wakavu wanatoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Moero. Kikanda, yenye Wabemba wanaita chikanda, inapikwa na mizizi ya maua fulani ya pori pamoja na karanga na pilipili, halafu inakatwa vipande kama keki. Mutu mwenye hajui anaweza kuapa kwamba ni nyama. Mvua ikinyesha, bowa wanaingia; vinkubala navyo viko na musimu wao.

Ya kunywa ni munkoyo. Mama anapika uji wa mahindi, anatia mizizi ya mumea wa pori, anaacha ilale. Kesho yake ni tamu na watoto wanakunywa. Ikikaa siku nyingi inaanza kuzungusha kichwa. Asubuhi malewa zinageuka nyumba za chai: chai ya rangi ao ya maziwa, mukate, vitumbula, mayai ya kukaanga, maharagi.

Siyo kusema kwamba ku benchi hakuna ugomvi. Mwaka wa 1992 na 1993, Wakasai wengi walifukuzwa Katanga. Familia zilikaa wiki nyingi kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi zikingojea kusafirishwa. Wengine walirudi nyuma ya miaka. Hata leo, siasa ikipata moto, maneno ya "mwenyeji" na "wa kuja" yanasikika. Lakini mama mwenye anachagua kabila la wanunuzi atarudi nyumbani na sufuria imejaa, na wamama wanajua hesabu hiyo kuliko wanasiasa.

Wakati mushahara ulikatika

Zamani, mufanyakazi wa Union Minière, kisha Gécamines, alipata mushahara pamoja na bunga, nyumba, matunzo ya hospitali na masomo ya watoto. Mwanzo wa miaka ya 1990 hayo yote yalianguka. Shimo la Kamoto liliporomoka mwaka wa 1990, uzalishaji wa shaba ukashuka sana, mishahara ikakosa miezi na miezi. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alieleza maisha hayo katika kitabu chake Bana Shaba abandonnés par leur père cha mwaka wa 2001: baba mwenye alilisha wote akabaki mikono mitupu, na mama ndiye alianza kutafuta. Mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines kwa ule mupango wa "kuondoka kwa mapenzi". Nyumba nyingi zilisimama juu ya mikate, makala na sahani za bukari zenye mama aliuza mbele ya lango. Kwa hiyo, kusema malewa ni kazi ya kupitisha wakati ni kutojua muji huu.

Bei inabaki, donge linapunguka

Mama wa malewa ananunua bunga, makala, mafuta, samaki, nyanya na maji, na kila siku analipa kodi ya nafasi. Lakini hawezi kupandisha bei ya sahani kila wakati soko linapanda, juu munuzi wake, fundi wa matofali, mubeba mizigo ao mwanafunzi, anakuja na noti ileile ya jana. Basi anagusa ukubwa. Donge la bukari linapunguka, Thomson yenye ilikatwa vipande viwili inakatwa vitatu, mafuta yanakuwa mepesi. Mutu akilalamika kwamba bukari imekonda, jibu ni kwamba mufuko wa bunga ndio ulianza kukonda. Mwenye hajashiba anaomba nyongeza na kulipa. Ndiyo maana katika malewa mutu anapima njaa ya muji kwa kuangalia donge, hapana bei.

Na donge linaamuliwa mbali. Haut-Katanga hailimi mahindi yenye kutosha watu wake. Tangu wakati wa wakoloni, bunga ya wafanyakazi ilikuwa inatoka Rodezia, na leo sehemu kubwa bado inapita Kasumbalesa, kilometa karibu 90 kutoka Lubumbashi. Zambia ikifunga kuuza mahindi inje, Kenya inasikia haraka. Mwaka wa 2024 ulionyesha hilo mara mbili. Tarehe 29 mwezi wa pili, Zambia ilitangaza ukame kuwa musiba wa taifa. Karibu nusu ya mashamba yake ya mahindi iliharibika. Kisha mwezi wa nane, Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, juu Kongo ilikataza bia na vinywaji vya inje kuingia. Bunga haikuwa ndani ya ugomvi ule, lakini barabara ni ileile. Bunga ya Kaniama Kasese, yenye vijana wa Service national wanalima, inafika pia Lubumbashi, na ikifika inasaidia. Haijachukua nafasi ya ile ya Zambia.

Makala nayo ni shida. SNEL inakata umeme, kwa hiyo hata mwenye kuwa na reshо ya umeme anapika na mbabula, na makala yanatoka mbali zaidi kila mwaka juu pori la karibu limekatwa.

Kinachozuia malewa kufa ni likelemba, yenye Zambia wanaita chilimba: wamama wanachanga kila siku, na kila mara mumoja anabeba zote. Kwa mutaji huo ananunua mufuko muzima wa bunga badala ya kununua kwa kopo. Adui ni deni. Kuna wanunuzi wanakula wiki muzima kwa daftari, wakilipwa wanabadilisha njia.

Kuchagua malewa

Kolera inarudi mara kwa mara Haut-Katanga, na bukari inaliwa na mukono. Angalia kwanza maji: ndoo yenye robine na sabuni ni bora kuliko beseni moja yenye watu wote wanatumbukiza mikono. Angalia maji ya kuosha sahani kama yanabadilishwa, sufuria kama zimefunikwa, na kama chakula kinatoka motoni kikifuka moshi. Pembeni ya mufereji wenye kuziba, pita, hata kama donge ni kubwa. Malewa yenye foleni ya wafanyakazi saa sita haina chakula cha jana.

Na mwenye anataka kichwa cha Thomson afike mbele ya saa saba. Nyuma ya saa nane inabaki sombe.