Asili ya Wimbo wa "Mfurahini, Haleluya"

Pasaka moja nilikuwa Kamachumu, wilayani Muleba. Kulipopambazuka, ukungu ulikuwa ungali juu ya migomba na mibuni, na wapiga tarumbeta walisimama nje ya kanisa la Kilutheri wakipiga "Mfurahini, Haleluya". Watu wakaja wakiimba, wazee kwa watoto, wala sikuona hata mmoja aliyefungua kitabu. Mzee aliyeketi karibu nami akaniambia kwa fahari kwamba wimbo ule tuliletewa na Wajerumani. Sikutaka kumbishia siku ya sikukuu, lakini maneno yake yalinikaa moyoni, maana jambo lenyewe lilikwenda kinyume cha alivyodhani.

Kosa la mzee huyu lina sababu, na sababu hiyo ni historia nzima ya uimbaji wa Kikristo katika Buhaya. Wahaya wa kwanza waliosoma Injili ya Kiprotestanti waliipata kutoka Uganda kabla mmisionari yeyote wa Kilutheri hajafika, nao walisali na kuimba kwa Kiganda. Mwaka 1910 wakaja wamisionari wa Betheli, Ernst Johanssen na mwenzake, na pamoja nao nyimbo za Kijerumani. Huko Betheli ndiko alikoishi Johannes Kuhlo, aliyejitoa maisha yake yote kueneza vikundi vya tarumbeta makanisani. Basi si ajabu kwamba tarumbeta ziliota mizizi hata kwetu. Ukaja tena uamsho, mwishoni mwa miaka ya 1930, kutoka Rwanda na Uganda, ukiwa na "Tukutendereza Yesu", wimbo ambao Waafrika wa Mashariki wengi huuhesabu kuwa wao kabisa, ilhali asili yake ni wimbo wa Kiingereza wa karne ya 19.

Kwa hiyo Mkristo wa Buhaya aliimba Kiganda, Kijerumani kilichofasiriwa, na Kiingereza kilichopitia Kiganda. Kilichokosekana ni Uhaya wenyewe. Nanga, ambayo Profesa Mugyabuso Mulokozi ametuonyesha ukubwa wa tenzi zake, ilikuwa chombo cha majumba ya wakama na cha barazani. Ngoma zilikuwa za enzi na za matambiko. Walimu wengi wa kigeni waliviogopa vyombo hivyo, na waongofu wengi waliviogopa zaidi ya walimu wao, kwa kuwa walijua vilikotoka.

Hapa yafaa nieleze tatizo moja la ufundi, ambalo wanafunzi wangu huliona mara tu nikiwaimbisha. Katika Kiswahili mkazo hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho: twasema mwoKOzi, twasema huRUma. Lakini mistari mingi ya nyimbo za Ulaya humalizika kwa silabi nzito. Ukilitia neno mwokozi mwishoni mwa mstari wa namna hiyo, mahadhi yatakulazimisha kuimba mwokoZI. Washairi wetu wa pwani huhesabu mizani na kupatanisha vina, hawahesabu mkazo. Mfasiri aweza basi kutimiza mizani zote na bado waimbaji wakalivunja kila neno la mwisho. Tumeimba hivyo kwa zaidi ya miaka mia, na masikio yetu yamezoea hata tumedhani kwamba Kiswahili cha kanisani ndivyo kilivyo.

Mwaka 1966 kijana mmoja mwanafunzi alitunga wimbo kwa namna nyingine. Jina lake ni Bernard Kyamanywa, aliyezaliwa mwaka 1938, naye baadaye akawa mchungaji wa Kilutheri. Alikuwa akisoma katika Chuo cha Theolojia cha Makumira, karibu na Arusha, chuo kilichokuwa kimehamia hapo kutoka Lwandai, Usambara, mwaka 1954. Wakati ule alifundisha hapo Howard Olson, Mmarekani aliyeandika tasnifu yake ya udaktari juu ya lugha ya Kirimi ya Singida. Mtu aliyekwisha kusikiliza lugha ya Kiafrika silabi kwa silabi hawezi kuvumilia mwokoZI. Olson aliwahimiza wanafunzi kutumia mahadhi ya makwao, akayakusanya na kuyachapisha. Yatupasa kukumbuka pia mwaka wenyewe: kanisa la Buhaya lilikuwa limepata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Josiah Kibira, miaka miwili tu kabla yake.

Kyamanywa alichukua mahadhi ya Kihaya, akayatilia maneno ya Kiswahili. Wahaya wasemapo, toni ya sauti hupanda na kushuka ndani ya neno lenyewe, na mahadhi yao yamekulia katika mazoea hayo. Kiswahili hakina toni hizo, kina mkazo. Kuvioanisha viwili hivyo si kazi ndogo, naye aliifanya kwa wepesi ambao wengi hawauoni kwa sababu haukwaruzi sikio. Beti zake ni fupi, zina kiitikio, na hazikukusudia kufundisha mafumbo ya imani. Zasimulia habari tu: siku tatu kaburini, malaika asemaye msiogope, agizo la kwenda kuwapasha wengine habari, mauti kushindwa. Asiyejua kusoma aweza kuushika kwa kuusikia mara mbili. Mimi nauweka juu ya nyimbo nyingi zilizotungwa kwa elimu kubwa zaidi.

Safari ya wimbo huu baada ya hapo yastaajabisha. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutungia maneno ya Kijerumani kwa kuufuata ule wa Kiswahili. Leupold alizaliwa Berlin mwaka 1909, mama yake akiwa wa asili ya Kiyahudi. Aliikimbia nchi yake katika utawala wa Hitler, akafundisha Waterloo, Kanada, na kufariki mwaka 1970. Mtu aliyefukuzwa Ujerumani ndiye aliyewapa Wajerumani wimbo wa Pasaka kutoka Afrika. Katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, kilichoanza kutumika mwaka 1993, ni wimbo wa 116. Olson naye aliufasiri kwa Kiingereza mwaka 1977, na Walutheri wa Marekani wameuweka katika kitabu chao cha mwaka 2006.

Kitabu cha Ujerumani chamtaja Kyamanywa kwa jina na mwaka, nasi twashukuru. Lakini juu ya mahadhi chasema tu kwamba yatoka Tanzania. Mahadhi hayatoki katika nchi nzima. Yatoka kwa watu fulani, nao hapa ni Wahaya. Hata hivyo siwezi kuwalaumu Wajerumani peke yao. Sisi walimu wa fasihi ya Kiswahili tumeandika vitabu juu ya tenzi za pwani, tukawapita watunzi wa nyimbo za kanisani kana kwamba hawakutumia lugha yetu. Nimewauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu ni nani aliyeutunga wimbo huu. Wote walijua kuuimba, hakuna aliyejua jina. Nalo jina Kyamanywa, kwa ajabu, mzizi wake katika Kihaya ni kitenzi cha kujua.

Ibada ilipokwisha nilimsubiri yule mzee chini ya mti, nikamweleza habari hizi polepole, nikamwambia kwamba mahadhi yale ni ya babu zake. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama Wajerumani nao huupiga kwa tarumbeta. Nikamjibu kwamba ndiyo, siku ya Pasaka huupiga, na pengine alfajiri, makaburini. Akacheka, akawaita wale vijana waliokuwa wakipangusa tarumbeta zao, akawaambia waupige tena.