Madoadoa: neno lililowang'oa watu makwao

Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1994, malori ya serikali yaliingia kambi ya Maela, karibu na Naivasha. Kambini walilala Wakikuyu waliofukuzwa Enoosupukia mwaka uliotangulia. Waliamshwa, wakaulizwa asili yao ni wapi, wakapakiwa. Kulipopambazuka wengine walikuwa uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Eti wamerudishwa kwao! Kwao palikuwa kwenye mashamba waliyoyanunua, wakalima, wakazikana.

Doa ni neno la nyumbani. Ni tone la mafuta kwenye shati jeupe la shule, na mama hulisugua kwa sabuni ya kipande hadi vidole vimchubuke. Hakuna anayeliuliza doa lilifikaje. Lifuliwe, litoke. Basi wanasiasa wa chama tawala cha KANU katika Bonde la Ufa walipoanza kuwaita majirani zao madoadoa, yaani Wakikuyu, Waluo, Waluhya na Wakisii walioishi humo, msikilizaji hakuhitaji kuambiwa la kufanya.

Kinachouma ni kwamba chama hiki kilizaliwa mwaka 1960 kikihubiri Kenya moja. Chama pinzani cha KADU ndicho kilichotaka majimbo, yaani mikoa ijitawale, nacho kilijivunja mwaka 1964, na Daniel arap Moi, rais wa baadaye, akaingia KANU pamoja na wenzake. Juni 1982 katiba ikapigwa kiraka cha kifungu cha 2A, na chama kingine chochote kikawa haramu. Kisha mwaka 1988 ukaja mlolongo katika mchujo wa chama: wapigakura walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, na mahali pengine foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu mchana kweupe. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alikwenda moja kwa moja bungeni.

Madai ya vyama vingi yalipozidi, vigogo wa KANU walifanya mikutano Kapsabet na Kapkatet, Septemba 1991, wakafufua majimbo yaleyale ambayo chama chao kilikuwa kimeyazika. Mwezi uliofuata, tarehe 29, moto ukawaka shamba la Meteitei, Nandi. Ukafika Molo, Olenguruone, Burnt Forest. Vijana walikuja na pinde na mishale, na nyumba zilichomwa kwa kuchaguliwa: hii inaungua, ya jirani inaachwa.

Rais Moi alikuwa ameonya kuwa vyama vingi vitaleta ukabila. Lakini tazama hesabu. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991. Mwaka uliofuata ikawekwa sheria kwamba mshindi wa urais apate walau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Bonde la Ufa lilikuwa na viti 44 vya ubunge, kuliko mkoa wowote. Aliyekimbia na watoto mgongoni, kadi ya kura imeteketea pamoja na nyumba, hakupiga kura. Katika majimbo ya uchaguzi zaidi ya kumi ya mkoa huo, mgombea wa KANU hakuwa na mpinzani. Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura.

Ukweli ulitafutwa mapema. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, mbunge wa KANU mwenyewe, ilihesabu Septemba 1992 watu 779 waliouawa, na ikawataja wakubwa kwa majina. Bunge likaikataa ripoti. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilimaliza kazi mwaka 1999, lakini ripoti yake ilifichwa hadi Oktoba 2002, miezi miwili tu kabla ya KANU kuondoka Ikulu. Waliotajwa hawakufikishwa kizimbani.

Neno lenyewe halikuondoka na chama. Lilisikika tena katika uchaguzi wa 2007. Januari 2022 seneta mmoja alilitamka jukwaani Eldoret, akakamatwa, akaomba msamaha. Mtoto aliyebebwa mgongoni usiku ule wa Maela alikuwa na miaka 27 au 28, umri wa kuwa na wanawe, na alijua fika anayesemwa ni nani.