Darasa la Saba Linakwenda Wapi?

Ndugu msikilizaji, wazazi hapa Buzuruga wanauliza: mtoto atamalizaje shule ya msingi darasa la sita? Nawajibu kwamba hata la saba halikushuka kutoka mbinguni. Wazee wetu, wale wachache waliobahatika, walifika darasa la nane, likaondolewa miaka ya 1960.

Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu. Sasa piga hesabu. Aliyekuwa la tatu mwaka ule atamaliza la sita 2027. Kaka yake aliyekuwa la nne atamaliza la saba 2027 hiyohiyo. Na sera inasema elimu ya lazima ni miaka kumi, kwa hiyo wote wawili ni wa kidato cha kwanza! Kwenye kikao cha wazazi mimi naulizia madawati ya 2028.