Ziara ya mbugani Kitui na Makueni: Mambo ya kujua kabla ya kufunga safari

WASAFIRI wengi wanaotumia barabara kuu ya Nairobi-Mombasa huifahamu Mtito Andei kama mahali pa kula, kununua maji na kupumzika kidogo, kwani mji huo uko karibu nusu ya mwendo. Wachache hukumbuka kwamba kando ya mji huo wa Kaunti ya Makueni lipo lango kuu la Mbuga ya Wanyama ya Tsavo Magharibi.

Vivyo hivyo, mtu akitaja Tsavo Mashariki, wengi hufikiria Voi na Taita Taveta. Ukweli ni kwamba takriban kilomita mraba 6,300 za mbuga hiyo zimo katika Kaunti ya Kitui. Hiyo ni karibu nusu ya mbuga yote, ambayo ina kilomita mraba 13,747.

Kwa hivyo, Ukambani si njia tu ya kuelekea mbugani. Sehemu kubwa ya mbuga yenyewe imo humo, na wakazi wake ndio majirani wa ndovu usiku na mchana. Anayepanga ziara huko hana budi kujua mambo mawili: namna ya kuwaona wanyama kwa usalama, na namna ya kuhakikisha kwamba jirani wa mbuga naye amenufaika.

Desturi ya zamani

Kuongoza wageni si jambo geni Ukambani. Katika karne ya 19, Wakamba walikuwa mabingwa wa misafara kati ya bara na pwani, wakipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na bidhaa nyingine.

Mmoja wa wafanyabiashara hao mashuhuri alikuwa Kivoi wa Kitui. Ndiye aliyempokea mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, na ni kutoka Kitui ambako Krapf aliuona Mlima Kenya mnamo Desemba 3, 1849, akiwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kuuona.

Krapf alirudi mwaka wa 1851, nao wakaondoka pamoja kuelekea Mto Tana. Msafara wao ulishambuliwa na wanyang'anyi na Kivoi akauawa. Krapf alinusurika lakini alitangatanga porini akiteswa na njaa na kiu, kwa kuwa aliyejua njia, maji na wenyeji wa nchi ile hakuwapo tena.

Baadaye, enzi ya ukoloni ilileta safari za bunduki, ambapo matajiri kutoka ng'ambo walikuja kuua ndovu, simba na nyati kwa leseni. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji huo mwaka wa 1977, na tangu hapo mtalii hubeba kamera na darubini.

Mwongozaji ni nani?

Ziara ya kuongozwa ni ile ambayo mgeni huandamana na mtu aliyefunzwa kuhusu wanyama, mimea, njia na kanuni za mbuga. Dereva wa kukodishwa mjini si lazima awe mwongozaji, hata kama anaijua barabara vyema.

Nchini Kenya, chama cha waongozaji wa kitaalamu kilichoanzishwa miaka ya 1990 huwatahini wanachama wake na kuwapa vyeti vya ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Aidha, Sheria ya Utalii ya 2011 ilianzisha mamlaka ya kudhibiti sekta hiyo, ambayo hutoa leseni kwa waongozaji na kampuni za utalii. Mteja ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni hiyo kabla ya kulipa.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, nalo hutoa askari wake kuandamana na wageni kwa ada. Anayetaka kutembea kwa miguu asiondoke bila askari mwenye silaha.

Faida ya mwongozaji huonekana zaidi Tsavo kuliko katika mbuga zenye nyasi fupi. Huku vichaka ni vingi, wanyama wametawanyika, na chui aliyelala juu ya tawi hupitwa kwa urahisi na macho yasiyozoea. Mwongozaji husoma nyayo, husikiliza mlio wa ndege na tumbili, na hujua ni kisima kipi ambacho bado kina maji.

Mahali pa kuzuru

Tsavo Magharibi: Ukiingia kwa lango la Mtito Andei, utapita penye nyati, twiga, pundamilia na ndovu waliojipaka udongo mwekundu. Kivutio kikuu upande huu ni chemchemi za Mzima, ambazo hutoa zaidi ya lita milioni 200 za maji kwa siku na huchangia maji yanayotumiwa Mombasa. Viboko na mamba huonekana hapo, na kuna chumba kilichojengwa chini ya maji ambamo mgeni hutazama samaki kupitia kioo.

Milima ya Chyulu: Maji hayo ya Mzima asili yake ni mvua inayonyesha Chyulu. Milima hii ni ya volkano na ni michanga sana kwa umri. Milipuko ya mwisho inakadiriwa kutokea katikati ya karne ya 19, na mawe meusi yaliyobaki huitwa Shetani na wenyeji. Mvua hupenya mawe hayo yenye matundu, hupita chini ya ardhi, kisha hutokeza mbali kama chemchemi. Ndiyo sababu juu ya milima hakuna mito, hali Kibwezi na Makindu zina maji.

Chyulu ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983. Ina pofu, nyati, ndovu na vifaru weusi wachache, pamoja na pango la Leviathan ambalo lina urefu wa zaidi ya kilomita 11. Mgeni asithubutu kuingia pangoni bila mwongozaji na tochi za akiba.

Msitu wa Kibwezi: Msitu huu wa chemchemi za Umani uko chini ya Chyulu. Tangu 2014 umekuwa makao ya ndovu yatima, hasa wale waliojeruhiwa na wasioweza kuhimili maisha magumu ya Tsavo, chini ya shirika la Sheldrick.

Ithumba: Huku ni Kitui, kaskazini mwa Tsavo Mashariki. Wengi hufika kwa barabara ya Kibwezi-Kitui kupitia Ikutha. Sehemu hii ilifungiwa watalii kwa miaka mingi kutokana na ujangili. Tangu 2004, shirika hilo la Sheldrick limekuwa likiwarejesha porini hapo ndovu yatima waliolelewa Nairobi. Wakati wa kiangazi, ndovu dume wa porini hujumuika nao kwenye maji, na wale waliokwisha kuhitimu hurudi na watoto wao. Mto Tiva hukauka, lakini ndovu huchimba mchanga wake hadi wakapata maji, na wanyama wengine hunywa baada yao.

Mwingi na Kitui Kusini: Hizi ni hifadhi mbili zilizotangazwa mwaka wa 1979. Ya Mwingi, yenye kilomita mraba 745, hapo awali ikiitwa Kitui Kaskazini, inapakana na mbuga za Meru na Kora, na Mto Tana hupita kando yake. Kora ndiko alikoishi George Adamson na simba wake hadi alipouawa na majambazi Agosti 20, 1989. Ya Kitui Kusini, yenye kilomita mraba 1,133, inapakana na Tsavo Mashariki. Hifadhi zote mbili hazina huduma nyingi kwa wageni, na mizozo ya malisho imewahi kuzuka maeneo hayo. Uliza hali ya usalama na ya barabara kabla ya kwenda.

Wakati na maandalizi

Miezi ya Juni hadi Oktoba, na pia Januari na Februari, ndiyo bora kwa kuona wanyama kwa sababu hukusanyika penye maji. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli huanza mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba. Wakati huo nchi hugeuka kijani kibichi na ndege huwa wengi, ila barabara za udongo hazipitiki kwa urahisi.

Anayetoka Nairobi au Mombasa aweza kusafiri kwa gari moshi la reli ya kisasa, lililoanza kazi mwaka wa 2017. Treni inayosimama vituoni hupita Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Hakikisha mwongozaji na gari vinakusubiri kituoni, kwa kuwa huruhusiwi kuingia mbugani kwa miguu.

Zingatia haya:

• Ada za KWS hulipwa kwa njia ya kielektroniki. Raia hulipa kiasi kidogo kuliko wageni, hivyo beba kitambulisho.

• Fika langoni mapema. Kwa kawaida mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni.

• Usitoke garini isipokuwa mahali palipoidhinishwa, na usimshurutishe dereva kuacha barabara ili umkaribie mnyama.

• Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 5, 2020. Beba chupa ya kudumu na maji ya kutosha.

• Epuka nguo za buluu na nyeusi, kwani huvutia mbung'o. Pia muone daktari kuhusu kinga ya malaria.

Majirani wa ndovu

Katika miaka ya 1970 na 1980, ukame na ujangili viliangamiza maelfu ya ndovu wa Tsavo. Idadi yao imepanda tena, na sensa ya 2021 ilionyesha ndovu 36,280 kote nchini, takriban 15,000 kati yao wakiwa katika eneo la Tsavo.

Habari hizo njema zina upande wa pili. Ukame unapokithiri, kama ule wa 2022 ulioua ndovu 205 nchini kati ya Februari na Oktoba, wanyama hutoka mbugani kutafuta maji na chakula. Wakulima wa Kibwezi, Mtito Andei, Ikutha na Mutha hukesha wakilinda mahindi, mbaazi na pojo, na wapo waliopoteza maisha. Shamba la msimu mzima huweza kumalizwa kwa usiku mmoja.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa, Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Hata hivyo, malipo yamekuwa yakichelewa, hata kwa miaka.

Isitoshe, ada ya kuingia Tsavo au Chyulu huenda kwa KWS wala si kwa serikali ya kaunti. Hifadhi za kaunti ndizo hukusanyia kaunti mapato, na kama ilivyoelezwa, wageni wake ni wachache. Kwa hivyo, fedha za moja kwa moja zinazobaki mikononi mwa mwananchi ni zile anazotumia mtalii nje ya lango.

Hapo ndipo uamuzi wa msafiri una uzito. Kampuni inayokuleta ina waongozaji kutoka eneo hili? Utalala upande huu wa mbuga, au utapita tu kwa saa chache? Chakula kitanunuliwa wapi? Asali ya Kitui, vikapu vya mkonge na vinyago vya Wakamba hupatikana masokoni na kando ya barabara, na hununuliwa kutoka kwa aliyevitengeneza au jirani yake.

Mkulima anayepata riziki kutokana na wageni ana sababu ya kuwavumilia ndovu. Asiyepata chochote huwaona kama mzigo alioachiwa yeye peke yake, na hilo ni hatari kwa ndovu, kwa mkulima na kwa mtalii anayetarajia kuwakuta mwaka ujao.