Baba, Ardhi na Lawama: Nyumba ya Ngũgĩ wa Thiong'o katika Riwaya na katika Kumbukumbu

Ni desturi katika uhakiki wetu kuisoma riwaya ya Weep Not, Child, iliyotolewa mwaka 1964 na kufasiriwa baadaye kwa Kiswahili kwa jina la Usilie Mpenzi Wangu, kama hadithi ya ardhi iliyoporwa. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujakamilika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chini ya hadithi ya ardhi imo hadithi ya nyumba iliyovunjika, na kwamba mwandishi, alipokuwa kijana, aliiondoa lawama ya mvunjiko huo mabegani mwa baba akaitwika historia.

Swali hili lilinijia hapa Timboroa, kwenye reli ile ile inayopita Limuru, alikozaliwa Ngũgĩ, kabla ya kupanda nyanda za juu kuelekea Eldoret, ilikofika mwaka 1924. Wapo huku watu wengi ambao babu zao walitoka sehemu za Kati wakawa maskwota katika mashamba ya walowezi. Wanafunzi wa nyumba hizo humwelewa Ngotho, baba wa riwaya hiyo, bila kufafanuliwa. Nilipowauliza ni nani aliyeivunja nyumba yake, walijibu kwa sauti moja kwamba ni Mzungu. Jibu hilo ndilo analotaka mwandishi tulitoe. Yafaa basi tuulize kwa nini alilitaka.

Ngũgĩ alizaliwa tarehe 5 Januari 1938 huko Kamiriithu, katika boma la baba mwenye wake wanne. Mama yake, Wanjikũ, alikuwa mke wa tatu. Katika kitabu cha kumbukumbu zake za utotoni, Dreams in a Time of War, kilichotoka mwaka 2010, anasimulia jinsi baba yake alivyonunua ardhi kwa mapatano ya mdomo. Muuzaji akaiuza tena kwa mtu mwingine, na hati ya maandishi ikaishinda ahadi ya maneno. Baadaye mifugo nayo ikaangamia. Mzee akaingia katika ulevi na kumpiga mkewe, hata mama akakimbilia kwao. Muda si mrefu baba akawafukuza Ngũgĩ na mdogo wake wamfuate mama yao. Tuzingatie kwamba katika kisa hiki ardhi haikuchukuliwa na mlowezi, na kwamba mkono uliowatoa watoto nyumbani ulikuwa wa baba mwenyewe.

Sasa tuigeukie riwaya. Ngotho ana wake wawili, Njeri na Nyokabi, wanaopatana, na boma lake linasifiwa kwa utulivu. Ardhi ya wazee wake imo mikononi mwa Howlands, mlowezi anayemwajiri. Ngotho anapozozana na Nyokabi juu ya mgomo anampiga kofi, lakini Nyokabi haondoki, na wala hakuna mtoto anayefukuzwa. Kinachoisambaratisha nyumba ni mgomo, Hali ya Hatari na mateso ya kizuizini. Hatimaye baba anakiri kosa la mauaji ambayo hakuyatenda ili amwokoe mwanawe. Baba wa Kamiriithu aliwatoa wanawe. Baba wa riwayani anajitoa mwenyewe kwa ajili yao. Tofauti hii si ya bahati nasibu. Kijana wa Makerere alimwandikia baba yake utetezi.

Kuhusu mama, hapakuwa na haja ya utetezi. Wanjikũ ndiye aliyemuuliza mwanawe kama angependa kusoma. Nyokabi anamuuliza Njoroge swali hilo hilo mwanzoni mwa riwaya. Mama ameingia kitabuni karibu kama alivyokuwa. Baba hakuweza kuingia mpaka ageuzwe.

Hata hivyo hatuna budi kujihadhari. Riwaya si shajara, na kumbukumbu nazo si hati ya mahakama. Kati ya vitabu hivi viwili ipo miaka 46, na mzee wa miaka 72 anayeukumbuka utoto wake alikwisha kuuandika mara moja kwa njia ya ubunifu. Yawezekana riwaya nayo iliyapanga makumbusho. Lakini palipo na tofauti kubwa namna hii, hoja ya kwamba kimoja kinakariri kingine haisimami. Mwandishi alipokwisha kuwa mzee, aliweza kusema waziwazi lile ambalo kijana alilifunika.

Mwaka 1964 yapo mengi yaliyodai kufunikwa. Taifa lilikuwa limepata uhuru mwezi Desemba uliotangulia, na baba aliyenyang'anywa alikuwa nembo ya wote. Nembo hupendeza ikiwa safi. Gharama yake ililipwa na Nyokabi: kofi lake limepita katika madarasa yetu kama tukio dogo la njiani. Mwaka 2024 mmoja wa wana wa Ngũgĩ, ambaye naye ni mwandishi, alidai hadharani kwamba baba yake alikuwa akimpiga marehemu mama yao. Si kazi ya makala haya kuyaamua madai hayo, na Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025. Lakini baada ya kuyasikia, mwalimu hawezi tena kulipita kofi lile kwa haraka.

Hatusemi kwamba dhamira ya ardhi iachwe. Ardhi ilimvunja baba, na baba akaivunja nyumba. Anayesoma sehemu moja tu ya sentensi hiyo hajaisoma riwaya. Mwishoni, Njoroge, aliyekuwa karibu kujinyonga, anarudi na mama yake nyumbani, kisha anakimbia mbele awafungulie mlango mama zake wawili. Mlango ule, ambao Wanjikũ aliutoka na asirudi, mwanawe aliufungua kwa kalamu.